Fomu Inayoishia Getini: Maneno ya Kuaga ya Sista Janice Musimbi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima kutoka kaunti, Mkurugenzi wetu Daktari Mbuthia, Daktari Sifuna mkuu wa utafiti, matroni, wachungaji mliotufungulia kwa maombi, wauguzi wenzangu, na nyinyi jamaa zangu wa Huruma mliofika hapa kabla hata viti havijapangwa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimesifiwa hapa karibu nusu saa, mpaka nikageuka kuangalia kama nyuma yangu kuna Janice Musimbi mwingine anayestaafu leo. Nashukuru. Daktari Mbuthia amesema kwamba katika miaka kumi na tisa ya kujaza fomu za utafiti sikuacha hata kisanduku kimoja wazi. Ni kweli, Daktari, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wageni wetu huenda hawajui kazi hiyo ni gani. Kuna maambukizi makali ya nyama na ngozi. Mtu anakwaruzwa na bati au anachomwa na mwiba shambani, na kabla ya siku tatu nyama imeanza kuoza chini ya ngozi, anapelekwa thieta, chumba cha upasuaji, leo, kesho, na kesho kutwa, akikatwa kilichokufa ili kilicho hai kibaki. Madaktari wanajaribu dawa hii na njia ile ya kufunga kidonda, na mimi naandika mwisho wake ulikuwa nini. Je, alipona? Swali dogo kama hilo, nani angefikiri lingetushinda?

Ephantus Gikonyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Huruma. Aliletwa na mguu uliovimba hadi pajani, akaingia thieta mara tano. Siku ya kumi na mbili figo zilikuwa zimegoma, na ndugu zake wakaja wakaniambia, "Sista, tumeongea kama familia. Tunataka akapumzike nyumbani." Sote humu ndani tunajua maana ya maneno hayo. Watu wetu, awe Mluhya au Mkikuyu, hatupendi mtu wetu afie kwa kitanda cha wageni. Basi wakatia sahihi, wakambeba kwa blanketi, wakaenda naye Kiplombe kwa kaka yake.

Fomu yangu iliuliza jambo moja tu: ametoka hospitalini akiwa hai, au amefariki? Alikuwa anapumua. Nikaweka tiki kwa hai.

Siku ya nne mkewe, Mama Waceke, alinipigia simu kuniambia, "Tumezika." Akaniuliza, "Si mtaandika huko kwenu kwamba aliaga?" Nikamwambia ndiyo, mama, tutaandika. Nilimdanganya. Nilipeleka habari kwa Daktari Sifuna, naye si mtu mbaya, kuna watu wengi mjini hapa wanatembea kwa miguu miwili kwa sababu yake. Akaniambia, "Sista, hayo ni ya nyumbani. Utafiti wetu unaishia getini."

Basi nikaanza kupiga simu mwenyewe, saa ya chakula cha mchana. Kati ya wagonjwa sitini na wawili niliowawekea tiki ya hai katika utafiti huo, nilipata familia arobaini. Kumi na saba walikuwa wamekufa ndani ya mwezi mmoja. Waliobaki, wengine hawashiki jembe, wengine hawapandi ngazi. Na ripoti yetu ilikwisha kutoka, ikisema njia yetu inaponya watu wanane kwa kila kumi, na hospitali nyingine zikaisoma, zikaifuata. Zingefanya nini? Zilituamini.

Ndipo tukaita mikutano, hospitali sita, miaka mitatu, tukubaliane wote tupime kitu kimoja kwa njia moja. Daktari Mbuthia hakukosa hata mkutano mmoja, wala chai haikukosa, wala mandazi. Hospitali moja, kama yetu, ilihesabu waliotoka hai. Nyingine ilihesabu vidonda vilivyofunga. Nyingine safari za thieta, nyingine siku za kitanda, na moja, jamani, iliandika tu "hali nzuri". Ni kama wakulima wa Kesses kutaka kujua nani amevuna zaidi, mmoja anahesabu magunia, mwingine ekari, na wa tatu anasema mwaka huu si mbaya. Niliomba tuongeze mstari mmoja: siku ya tisini baada ya mgonjwa kutoka, piga simu, uliza kama yuko hai na kama amerudi kazini. Wakasema ni wazo zuri. Lakini kila mmoja aliogopa kwamba akibadilisha kipimo chake, kazi yake ya zamani haitalinganishwa tena na kitu. Mwishowe tulikubaliana kwamba kila hospitali iendelee na kipimo chake, na tukapigwa picha ya pamoja.

Naondoka nikiwa nimekata tamaa. Najua si neno la siku ya keki, lakini sina lingine. Jumatatu utafiti mpya unaanza, na nimeiona fomu. Swali ni lile lile.

Sista Jelagat, wewe ndiwe unayeshika kiti changu, simama wakuone. Mwanangu, watakupa hiyo fomu na utaijaza, sitakulaumu, maana mimi nimekaa miaka kumi na tisa na sikuweza kuongeza mstari mmoja. Familia itakuja ikuambie inataka mgonjwa wake akapumzike. Utaweka tiki kwa hai, na tiki yako itasomwa na daktari usiyemjua, atakayemtibu mtu mwingine kwa kuiamini. Mwezi ukiisha, piga simu. Watakuambia, "Tulimzika." Hakutakuwa na mahali pa kuliandika neno hilo. Wape pole, uwaulize jina lake kamili, halafu wasipokuuliza kama mmeandika, usiwaambie kwamba hamkuandika.

Mheshimiwa, Mkurugenzi, ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa na kunisikiliza.