Mshumaa wa Toader

Kifuniko cha birika kilianza kugongagonga kabla ya alfajiri. Nikanywa chai upesi, nikawahi basi dogo la kwenda mji wa Rădăuți. Mbele yangu aliketi bibi mmoja aliyetoka kanisani akilia, na kando yake mzee asiyemjua, amepakata bunda la mishumaa.

"Nimemwashia kaka yangu Toader kwenye sanduku la mishumaa ya marehemu badala ya lile la walio hai," bibi akamwambia. "Naye yu hai! Miwani nimeisahau nyumbani."

"Mishumaa ya pale naichovya mimi, dada. Juu myembamba, chini minene. Ile ncha ikiungua peke yake, haihesabiwi."

"Kwani wewe padri?"

"Padri anajua nini kuhusu nta? Ungeuhamisha upesi tu."

"Na basi lingeningoja? Saa hizi moto umeshafika kwenye unene!"

Mzee akapapasa mfukoni. Akampa simu yake. "Haya, mpigie."

"Tumenuniana miaka mitatu, kisa uzio."

"Basi mpigie kabla mshumaa haujaisha."

Dereva alizima redio bila kuombwa, Mungu ambariki. Bibi akapiga, sauti ya simu ikiwa juu.

"Toader? Uko hai?"

"Niko hai. Nani kasema nimekufa?"

"Mimi, kaka. Nimekuzika kwa bahati mbaya."

Kicheko cha Toader tulikisikia basi zima. "Ncha haihesabiwi," mzee alinung'unika. Basi likasimama sokoni.

"Paraschiva, dada yangu," simu ikasema taratibu, "njoo tena nyumbani. Njoo hata leo."