Mistari Miwili ya Fundi Feni

Ndugu zetu, majirani na wateja mliofika kutufuta machozi, nimepewa karatasi hii niisome kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake pekee, na kwa kuwa nyumbani kila aliyeishika alianza kulia, mimi machozi hayajanijia tangu Jumanne, sijui yamekwama wapi, basi nitasoma.

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Feni, alizaliwa tarehe 9 Juni 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, baba akiwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama fundi cherehani. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1990, ambako mwalimu wa fizikia alimtoa darasani mara mbili kwa kosa la kuifungua redio ya shule kwa bisibisi, na mara ya tatu akamwita mwenyewe aje aifunge, maana hakuna mwingine aliyeweza.

Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1993, akaajiriwa kwenye ofisi ya ramani kutunza mitambo, na tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na shemeji yangu aliyekaa pale mbele, akichelewa saa nzima kwa sababu spika za mpiga muziki zilikuwa zinakoroma naye hakuweza kuzipita hivi hivi. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 2002 na mvulana mwaka 2006, wote wako nasi hapa.

Tarehe 2 Februari 2001 alifungua duka lake la kutengeneza kompyuta, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu, mimi nikikaa meza ya mbele kupokea mashine. Mlipanda ngazi zile mmekumbatia kompyuta zenu, mkisema imekufa, inajizima yenyewe, inanuka kuungua, naye kabla hajagusa bisibisi aliiwasha, akaweka kiganja nyuma ya pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme, akausikiliza upepo, kama upo, kama ni wa moto, kama feni inakwaruza, kisha akasema usilie, ni feni tu. Na mara nyingi ilikuwa feni tu kweli, vumbi limeganda, au waya umeshika mapanga yake, au imekauka, naye alichomoa, akaiacha kwanza ipoe, maana umeme hubaki ndani hata ukichomoa, akapiga brashi, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani ya mama, ikazunguka. Iliyochoka kabisa aliibadilisha, hakumdanganya mtu kwamba itapona.

Kila mashine niliibandika karatasi yenye tarehe ya kufika na mistari miwili, wa kwanza Mwenyewe anasema, wa pili Fundi amekuta, na loo, ole wako uichanganye mistari hiyo, siku hiyo ungemtambua.

Kuhusu ugonjwa, karatasi tuliyoiandika jana kwenye kikao cha familia inasema marehemu aliugua ghafla, akafariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini. Tarehe hiyo ni ya kweli. Neno ghafla nililipendekeza mimi, na si la kweli, na kazi yangu kwa miaka ishirini na tatu ni kuandika tarehe ya kufika.

Jumatano tarehe 6 Machi 2024 nilimsindikiza kaka kwa daktari wa moyo. Mwenyewe alisema, ngazi zinanichosha kidogo, ni feni tu. Daktari alikuta moyo umepanuka, unasukuma damu kwa taabu, akaagiza aanze dawa, aache kubeba mizigo, na familia ijulishwe. Dawa alizimezea dukani, nikizificha mimi kwenye droo ya bisibisi, na hilo la familia alinisihi ninyamaze mpaka binti amalize mitihani, mitihani ikaisha Juni, nikaendelea kunyamaza, kwa sababu alikuwa anacheka, na kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti bila kuombwa, wateja wote, na fundi viatu, aliyemshusha kaka ngazi zile mgongoni asubuhi ile ya Jumanne, peke yake, akakataa kupokewa.

Na wewe shemeji. Mwezi Agosti ulikuja dukani ukaniambia kwamba mumeo akipanda ngazi unamwekea kiganja mgongoni na unaisikia pumzi inakwaruza, ukaniuliza kuna nini, nami nikakujibu kwa maneno yake, shemeji, ni feni tu, ukacheka, ukarudi nyumbani. Tangu Jumanne unamwuliza kila anayeingia ulikuwa wapi usione. Shemeji, uliona. Uliweka mkono kama alivyokuwa akiuweka yeye, ukakuta kilichokuwepo, na mimi nikakuandikia mstari mwingine. Ukitaka niondoke kwenye msiba huu, nitaondoka tukishamzika.

Kaka, siri yako nimeshindwa kuibeba, nimeitua nikiwa nimechelewa miezi minane. Karatasi yako nimeijaza, mistari yote miwili, kila mmoja mahali pake. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.