Mzee Taratibu na Jeki Isiyo na Jina

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mzee Taratibu anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mabasi kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa breki. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu peke yake. Sisi tunamwita hivyo kwa sababu ndilo neno analomwambia kila anayeshusha gari.

Alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa, akakataa na godoro. Aliomba tu jeki kuukuu ya banda la pili isitupwe. Meneja, ambaye hana roho mbaya ila anapenda vitu vipya, alisema sawa, mradi ishike mzigo kutwa nzima bila kushuka. Isiposhika, itakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu siku hiyo hiyo anayoondoka mzee.

Mgeni anaweza kushangaa mtu kulilia jeki. Hii ni ile ndefu ya mafuta, yenye magurudumu ya chuma, inayosukumwa sakafuni hadi chini ya gari. Kibandiko cha kiwanda kilifutika zamani, na dukani huwezi kuagiza mipira ya kuzuia mafuta yasivuje kwa kitu kisicho na jina. Mzee aliisugua kwa brashi ya waya mpaka akapata tarakimu tatu ubavuni mwa pampu, akapima pistoni, kisha akazunguka duka hadi duka kwa miezi miwili, mpira uliochakaa ukiwa ndani ya leso yake. Katika harusi ya binti yake alitoa leso hiyo kujifuta machozi, mpira ukadondoka na kubingirika hadi miguuni mwa bwana harusi. Mkewe anasema hajamsamehe, ingawa akisimulia hucheka kuliko sisi. Wiki iliyofuata alipata duka lenye mipira ya saizi ile, akanunua yote minne.

Kosa kubwa kuliko yote lililowahi kuipata jeki hiyo lilikuwa langu. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona mafuta yake yamepungua, nikaongeza ya breki, maana kopo lilikuwa karibu na nilidhani mafuta ni mafuta. Mipira ikavimba, jeki ikaanza kuzama basi likiwa limevuliwa gurudumu. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa mzee haruhusu mtu kuingia chini ya gari ambalo halijategemezwa kwa stendi za chuma. Alinusa kifuniko, akajua. Hakuniuliza mbele ya watu wala hakunipeleka kwa meneja. Alinikabidhi spana, akanifungulisha yote, nikaosha kila kipande na kutia mipira mipya, kisha akanikalisha mbele ya alama ya chaki aliyoichora ukutani usawa wa mzigo tangu asubuhi hadi saa ya chai, nitazame kama mzigo unashuka. Nilimpenda tangu siku ile, na sijawahi kumwambia.

Jumatatu iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Mzee alitia mikono mfukoni, maana siku hizi inamtetemeka, akasema kazi ni yangu. Nilifungua valvu ya kushushia, nikakuta uchafu umeganda penye kigololi kinachoiziba. Nikasafisha, nikabadili mpira wa pistoni kwa ule wa mwisho aliokuwa nao kwenye leso, nikajaza mafuta yanayostahili, nikatoa hewa. Tukainua injini mbovu, yeye akachora chaki, akavuta kiti. Chai yake ilipoa, akaletewa nyingine, nayo ikapoa.

Saa kumi na moja jioni meneja alikuja na rula. Mzigo ulikuwa palepale penye chaki. Mzee alitoa leso akajifuta macho bila kujificha, na safari hii hakikudondoka kitu.

Asante kwa mikono yako, baba yetu. Tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma na chai ya moto kila siku. Jeki inabaki kazini, nasi tutaishusha taratibu.