Jinsi Mungu Alivyotushusha Bondeni

Sifa na zimwendee Bwana, ndugu zangu, yeye aliyenifikisha asubuhi hii na meno yangu machache. Naitwa Agata. Wengi mnanijua kwa sababu huwasalimu pale mlangoni kila Jumapili, lakini hamjui nilikotoka. Leo nataka niwaeleze jinsi Mungu alivyoniokoa na njaa, na jinsi alivyoniokoa na jambo jingine ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko njaa. Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Kabla ya vita ya Maji Maji nilikuwa mke kijana katika mji mmoja wa Wangoni, chini ya milima ya Matogoro. Siku hizi ukisema mji watu wanafikiria maduka. Wakati ule mji ulikuwa nyumba kama ishirini za ukoo mmoja, zimelizunguka zizi la ng'ombe. Mimi sikuzaliwa Mngoni. Ni Mndendeule, katika watu ambao Wangoni waliwashinda zamani, wakawafanya wawalimie. Bibi yangu aliletwa akiwa mateka. Lakini mume wangu, Mapunda, alinipenda, akanioa kwa heshima zote, na mama yake akanipokea. Nilimwita mawu, kama watu wa kule wanavyomwita mama.

Ndugu zangu, nimekaa katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nyingine za bati, lakini nikifumba macho ni mji ule ninaouona. Naona moshi wa asubuhi umelala juu ya zizi. Namsikia mawu anasaga ulezi kwenye jiwe huku anaimba, na wimbo ukikoma tunajua unga umetosha. Mume wangu alikuwa na kicheko cha kuchelewa. Watu wote wakishamaliza kucheka ndipo anaanza yeye, na hapo wote wanaanza upya kwa sababu yake. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa furaha. Nilidhani ni siku za kawaida.

Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameshajenga boma lao, na watu walikuwa wamechoka kuamrishwa. Ikaja habari ya maji. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi itageuka maji. Mume wangu hakuamini sana. Nilimwuliza, "Sasa unakwenda kwa nini?"

Akanijibu, "Wenzangu wote wanakwenda. Nikibaki, nitaishi na nani?"

Hakurudi. Watu wawili waliokuwa naye walirudi, wakanieleza mahali alipoanguka. Sitasema ni wapi.

Baada ya hapo wakaja askari wa Mdachi. Walichukua ng'ombe, wakachoma nyumba, wakachoma na maghala yote. Sisi tulikuwa tumejificha kwenye mawe juu ya kilima. Ulezi ukiungua unanukia vizuri, ndugu zangu. Watoto walikuwa wanasema kuna mtu anapika.

Tulibaki watu thelathini hivi, wanawake, watoto na wazee. Wanaume waliosalia walikimbilia ng'ambo ya Ruvuma. Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wangu. Alikuwa mpiganaji wa zamani, mtu wa maneno machache, na wanawe wawili walikwenda vitani pamoja na mume wangu. Nao hawakurudi.

Chakula hakikuwepo. Tulichimba mizizi porini, ile ambayo usipoiloweka siku tatu inakuua. Kitu kimoja tu kilisalimika. Mawu alikuwa amezika chungu cha mbegu chini ya jiwe lake la kusagia, mna mahindi, mbegu za maboga na maharage kidogo. Askari walilipita lile jiwe, hawakulinyanyua.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Mvua ilikuwa bado miezi mitatu au minne. Baba mkubwa alisema tubaki palepale kilimani kwenye makaburi ya wazee, tule zile mbegu kidogo kidogo, tuwasubiri wanaume. Mimi nilihesabu vichwa, nikakitazama chungu, nikaona zisingetufikisha hata mwisho wa mwezi. Ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Kwao walikuwa wakilima dimba, yaani shamba la bondeni kando ya mto, ambako udongo haukauki hata kiangazi. Nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa, nikamwomba tushuke bonde la Ruhira tukalime dimba.

Akaniambia, "Matopeni wanalima watumwa."

"Ni kweli, baba. Bibi yangu alikuwa mtumwa wenu, na kiangazi alikuwa anakula."

"Unanifundisha?"

"Hapana, baba. Nakueleza nilichokiona."

Akageuza uso. Wengine wakasema mimi ni mgeni, niliolewa tu, mume mwenyewe amekufa, sasa nataka kutawala. Nilikuwa na majibu, ndugu zangu, na wanaonijua wanaujua ulimi wangu. Lakini sikujibu. Asubuhi nilichukua jembe, nikashuka peke yangu.

Huko bondeni nilifanya jambo ambalo sikulielewa mpaka miaka ilipopita. Nilisimama na miguu yangu ndani ya maji, nikazungumza. Sikuwa najua kuomba. Nilisema hivi tu, "Wewe uliyeyatengeneza maji haya, sikujui jina. Nishike mkono, nisigombane na watu wangu." Nikaanza kulima.

Siku nne nililima peke yangu. Jioni nilipopanda kilimani sikumlaumu mtu. Nilisema tu nimefika wapi. Siku ya tano alikuja mke wa shemeji yangu, ambaye baadaye alibatizwa Kristina, nami nitamwita hivyo. Alikuja na mtoto wake mchanga mgongoni. Akasema, "Nimechoka kukaa." Kesho yake wakaja watatu, halafu sita. Mawu naye akashuka, akaketi kwenye nyasi akiwa anatuimbia, maana nguvu za kulima hakuwa nazo. Tulikuwa mifupa mitupu, lakini tuliimba. Leo hii nikisikia kwaya yenu nzuri hapa, huwa nazikumbuka zile sauti za bondeni, zilizokuwa zinakatikakatika kwa njaa.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Wiki moja kabla ya kupanda, Kristina alinifuata. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe konzi moja ya mahindi nimpikie mtoto uji." Chungu mawu alikuwa amenikabidhi mimi. Nikamjibu kwa upole kabisa, "Nikikupa wewe leo, kesho nitampa kila mtu, na hatutakuwa na cha kupanda." Akaurudisha mkono wake. Hakulia, hakubisha.

Mtoto alikufa siku ya sita.

Labda konzi ile isingemwokoa. Labda ingemwokoa. Tulimzika asubuhi, na siku iliyofuata Kristina alishuka bondeni kama kawaida, akalima mstari wa pembeni yangu, mgongo mtupu.

Siku ile ile, mchana, baba mkubwa alishuka na watu kama kumi waliobaki naye. Alikuwa na fimbo. Akasema mtoto wa ukoo amekufa na chakula kipo, kwa hiyo nikitoe chungu. Ndugu zangu, moyo wangu ulikuwa umepasuka, nusu yangu ilitaka nimpe chungu nikimbie. Lakini mkono niliouomba ulinishika. Nilikileta chungu, nikakiweka chini mbele yake, nikapiga magoti.

Nikasema, "Baba, hiki hapa. Sitakificha wala sitakishikilia. Ukitaka, tukoke moto hapa hapa, tupike, tutakula leo na kesho. Ila wewe ndiye mkubwa wetu. Ukishakula, waeleze watoto hawa mwezi ujao watakula nini. Mimi sitaweza kuwaeleza."

Watoto walikuwa wanakitazama chungu. Nilibaki magotini mpaka yakaniuma. Kisha aliyesogea akawa Kristina. Aliinama, akachota mbegu za maboga, akaenda kwenye mstari wake akaanza kufukia. Mmoja wa wale waliokuja na baba mkubwa akamfuata. Mwingine naye. Baba mkubwa aliondoka peke yake, akapanda kilimani.

Tulipanda siku mbili. Tulijenga vibanda kule kule bondeni. Yeye alikataa kushuka, na sikuruhusu mtu amseme. Mbegu za maboga hazina uvivu. Siku chache tu zilichipua, na kabla ya mwezi na nusu tulichuma majani ya kwanza. Sikuyaonja. Niliyapika, nikayatia kwenye bakuli la mti, nikapanda nalo kilimani.

Nilimkuta ameketi kwenye majivu ya nyumba yake. Akauliza, "Wamekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe, baba."

Alikula yote. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Wanangu wanaijua njia ya hapa. Nikishuka, wakirudi hawatanikuta."

Alikuwa anajua kama mimi kwamba hawatarudi. Pale ndipo nilipomwelewa. Miezi yote ile nilidhani anapigana na mimi, kumbe alikuwa analinda mlango. Niliketi kando yake kwenye majivu, maana hata mimi nilikuwa na wa kumsubiri. Baadaye nikamwambia, "Baba, tuwawekee alama njiani."

Tukashuka pamoja, polepole, na kila tulipopita tulivunja tawi na kupanga mawe mawili matatu kuelekea bondeni. Ilituchukua mchana mzima. Yeye ndiye aliyechagua mawe, na jingine alilikataa akasema ni dogo, hawataliona.

Tangu siku ile akawa mlinzi wa dimba. Nguruwe pori walikuja kufukua mahindi, naye aliwafukuza kwa kelele zile za vita za ujana wake, akipiga miguu chini kwa kishindo. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia watoto wanacheka tangu moto ule. Tulikula mahindi mabichi kabla mvua haijanyesha. Si wote tulioyala, ndugu zangu. Wanne tuliwazika kule bondeni, na mawu alikuwa mmoja wao. Lakini wengine tuliishi, na baba mkubwa alikufa kwa uzee miaka mingi baadaye, akiwa ameshiba.

Watu walinisifu. Waliniita mama wa bondeni, wakaja kuniuliza mambo kama mimi ni mzee wa baraza. Na kila waliponisifu niliuona ule mkono wa Kristina unarudi nyuma. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko njaa. Njaa ilikwisha, lile halikwisha.

Baada ya miaka kadhaa alikuja mwalimu wa dini, mtu mpole, akatufundisha chini ya paa la nyasi. Alipotueleza kwamba Mungu aliumba maji na nchi kavu, niliinua mkono kama mtoto, nikamwambia, "Huyo nimeshazungumza naye." Hakunicheka. Alisema, "Basi sasa umelijua jina lake." Nililia siku ile. Na alipofundisha juu ya kusamehewa, nilijua ninakotakiwa kwenda kabla ya kuingia kwenye maji ya ubatizo.

Nilimkuta Kristina anapepeta maharage. Nikamwambia, "Siku ile ulinyoosha mkono."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nililima kando yako makusudi. Nilitaka uuone mgongo wangu hauna mtu."

"Niliuona."

"Najua uliuona. Nilikuchukia mpaka mahindi yakakomaa. Halafu nikawatazama watoto wa wenzangu wanakula, nikashindwa kuendelea." Akaweka ungo chini. "Wewe bado unaendelea kujichukia?"

Nikasema ndiyo. Akanishika kichwa, akakilaza mapajani mwake, kama mtu anayemtafuta mtoto chawa, akaniombea kwa maneno machache aliyokuwa amejifunza. Tulibatizwa siku moja. Na usingizi wangu ulirudi, ndugu zangu, usingizi ambao sikuwa nao tangu nikabidhiwe kile chungu. Bwana alinifungua.

Wote niliowataja wameshatangulia. Kristina tulimzika mwaka juzi, baadhi yenu mlibeba jeneza. Nimebaki peke yangu ninayekumbuka mji ule ulivyokuwa, na nikiondoka mimi hakuna tena atakayejua mume wangu alikuwa anachekaje. Nawakumbuka sana. Lakini namshukuru Mungu aliyenipa watu wa kuwakumbuka, na aliyenishika mkono wakati sijui hata kumwita.

Wewe unayeongoza nyumba, au jumuiya, au watu wawili tu, na umeona mahali pa kwenda ila wenzako hawataki, mwombe Bwana akupe utulivu, kisha uanze kulima. Na yule anayekupinga, mpandishie chakula, uketi naye, usikie anamsubiri nani. Na kama unaogopa kwamba katika kufanya lililo sawa umemwumiza mtu, usiseme moyoni mwako kwamba watu wanakusifu basi yamekwisha. Hayajakwisha. Mwamini Bwana, kisha nenda nyumbani kwa mtu huyo leo, kabla jua halijazama, wakati bado yupo wa kukufungulia mlango.