Wendell Tunnicliff na Kaburi la Njiani

Mchungaji, majirani wa bonde la Sweetwater, na ninyi mliopita kwenye theluji ya jana usiku kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mkwe wake, niwasomee maisha ya mzee wetu.

Wendell Lorin Tunnicliff alizaliwa tarehe 11 Machi 1941, nyumbani kwao ranchini, kando ya mto Sweetwater, jimbo la Wyoming, akiwa mtoto wa tatu wa Lorin na Hulda Tunnicliff. Ranchi hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya majani yake, maana kila aliyewahi kuchunga pale anajua majani yenyewe ni ya kubahatisha, bali kwa ajili ya kaburi. Mwaka 1852 watu wa ukoo huu walipita hapo na magari yao ya maksai wakielekea Oregon, wakafiwa na binti yao Tamsin, mwenye umri wa miaka minne, kwa homa. Walimzika kama wasafiri wa wakati ule walivyozika, katikati ya njia yenyewe, bila msalaba wala jiwe, kisha wakapitisha magari yote juu yake ili mbwamwitu wasinuse na kufukua. Mama yake hakuruhusiwa hata kugeuka nyuma, kwa kuwa msafara ulikuwa umechelewa na milima ilikuwa mbele. Babu yake Wendell alirudi mwaka 1889, akachukua ardhi hiyo, na tangu siku hiyo kila Tunnicliff amepelekwa na mzazi wake mahali ambapo mifereji miwili ya magurudumu inapinda kuuzunguka mwamba, akaonyeshwa kwa kidole, akaambiwa, "Hapa ndipo alipo, usisahau."

Wendell alionyeshwa akiwa na miaka sita, mwaka alioanza masomo katika shule ya darasa moja iliyokuwa jirani na posta, na mwaka 1959 akahitimu sekondari mjini Lander, bila sifa kubwa ya vitabu ila kwa sifa kubwa ya kuchelewa, jambo alilomsingizia farasi hadi uzeeni. Alitumikia jeshi kuanzia 1961 hadi 1963, na aliporudi aliendesha greda la barabara za wilaya kwa miaka ishirini, huku akifuga ng'ombe wa baba yake asubuhi na jioni.

Tarehe 19 Juni 1965 alifunga ndoa na Ardith Overgaard, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Marlys, ambaye ni mke wangu, na Kermit. Ardith alikuwa mwanamke wa maneno machache makali, na nyumba ile iliendeshwa na maneno hayo.

Ndugu waombolezaji, hapa familia inawaomba uvumilivu, kwa sababu ndipo ilipo kazi ya moyo wake. Miaka ya themanini watu wa mjini walianza kuja na pikipiki na magari makubwa, wakiyakimbiza ndani ya mifereji ile kwa kujifurahisha, na Jumapili moja alikuta matope yamechimbuliwa karibu kabisa na mwamba. Mwaka 1988 alikubaliana na chama cha wahifadhi wa njia za kale, akaizungushia njia seng'enge pande zote mbili, na akaweka saini kwamba ndani ya uzio ule pasikatwe, pasichomwe, pasichimbwe wala pasilishwe mifugo, milele. Ardith alisimama mlangoni akitazama nguzo zikisimikwa, akamwambia, "Wendell, majani yasipoliwa yanakua, hata mtoto anajua hilo." Naye akamjibu, "Mama Marlys, wacha nilinde kitu kimoja tu maishani mwangu."

Akakilinda. Ng'ombe hawakuingia tena, moto haukupita, na vichaka vya kijivu ambavyo mifugo ilikuwa ikivikanyaga tangu enzi za babu viliota, vikafika magotini, kisha kifuani, na upepo ukaleta mchanga na kuumwaga mashinani mwake. Nao ng'ombe, ambao hupenda kufuata uzio, mmoja nyuma ya mwingine, walitembea nje ya seng'enge kwenda mtoni na kurudi, mpaka wakachimba mfereji wao wenyewe, mzuri, wenye kina, ulionyooka. Tarehe 31 Mei 2004, siku ya kuwakumbuka wafu, alimpeleka mjukuu wake wa kwanza kumwonyesha, akainua kidole, na kidole kikabaki hewani. Mvua za masika zilikuwa zimebomoa upande mmoja wa mwamba, na mifereji haikuonekana popote.

Aliomba ruhusa ya kukata vichaka. Binti wa chama, mpole kabisa, alikuja na kunywa kahawa mezani kwao, akamwambia, "Bwana Tunnicliff, ningekuwa na uwezo ningekata kwa mikono yangu, lakini mkataba huu uliutaka wewe, na uliutaka uwe hivi." Hakumkasirikia. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililomwumiza.

Majira ya joto ya 2014 ulikuja msafara wa watalii waliovaa kofia za zamani, na magari ya maksai, wakasimama nje ya uzio, ndani ya mfereji wa ng'ombe, wakaimba wimbo wa dini na wengine wakalia machozi ya kweli. Wendell alikuwa pembeni, kofia mkononi. Jirani yetu Delmar, ambaye yuko hapa na atanisamehe, alimnong'oneza, "Mzee, waambie basi, wanalilia mavi ya ng'ombe wako." Wendell akasema, "Halafu wakiniuliza njia ya kweli iko wapi?" Wote wawili wakangoja wimbo uishe.

Ardith alitangulia mwaka 2011, na tangu hapo mzee alikuwa akitembea kando ya seng'enge peke yake. Novemba iliyopita moyo wake ulianza kushindwa, akalazwa Casper, na katika siku zake za mwisho alimwuliza Marlys kila alipoamka, "Umempata?" Marlys alijibu, "Bado, baba," maana hakuweza kumdanganya. Aliaga dunia tarehe 4 Februari 2023, asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Casper, wenzake wa greda walioondoa theluji barabarani leo, majirani waliolisha ng'ombe, na akina mama waliokaanga viazi na paja la nguruwe vinavyotungoja ukumbini chini.

Baba, ulipouliza hatukuwa na la kukuambia, na leo hatuna. Tumepekua, tumeshindwa, na sisi ndio wa mwisho tulioonyeshwa. Ukimkuta Tamsin huko, mwulize mwenyewe alikuwa wapi. Pumzika kwa amani, baba, utafutaji wako umekwisha, wetu haujaisha.