Trei za Mayai Ukutani

Tuktuk ilipoondoka Kitale mjini, Gathoni alikuwa anasoma simu yake. Aliiweka chini mara tu abiria wawili kando yake, wasiojuana hata kwa jina, walipoanza kulalamikia majirani wa ploti.

"Mimi nilibandika trei za mayai ukuta mzima," alisema mwanamume mwenye lafudhi ya Bungoma. "Kelele yote ikaisha. Lakini bibi yangu amenuna wiki nzima."

"Si umemletea amani?" aliuliza mama aliyepakata kabichi.

"Ati nimemkatia hadithi! Jirani alikuwa ndiyo anaanza kumwambia bwanake ni nani humtumia meseji usiku. Sasa hatusikii kitu."

"Wee! Bandua trei moja tu, baba."

"Sibandui, bana. Nataka kulala."

"Na sisi wengine tutalala aje, bila kujua ni nani?"

Tuktuk ikasimama. Wawili hao wakashuka wakibishana bado, kila mmoja akashika njia yake. Gathoni alibaki amekunja uso, kana kwamba ameibiwa.

Dereva akageuka. "Madam, si ulisema unashuka sokoni?"

Soko walikuwa wamelipita kitambo.