Masikio ya Mzee Nicanor Lusweti

Waombolezaji wenzetu, kwa niaba ya familia nasimama mimi Stephen, kifungua mimba wake, kuwasomea maisha ya baba yetu, Mzee Nicanor Lusweti, nami naomba mnivumilie, kwa kuwa kuna sehemu naona haya kuisoma.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 huko Kimilili, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka wa 1976 akaja Eldoret, akaajiriwa na Mzee Nur kuendesha mashine ya kusaga posho, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa, na wateja wake mliopo hapa mnajua kwamba alitambua mahindi yasiyokauka kwa mlio wa mashine tu. Tarehe 12 Disemba 1981 alimwoa mama yetu, Nabalayo, wakajaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu Kavetsa.

Mlio huohuo ndio uliomharibu masikio. Tulichoka kurudia maneno, tukaacha kumsemesha, na siku ya mahari ya Kavetsa, tarehe 7 Disemba 2019, wageni walipomuuliza Baba swali nilijibu mimi, nikisema Mzee hasikii, tuendelee.

Tarehe 9 Januari 2024, Dahabo, binti wa Mzee Nur, anayetibu masikio, alitufungulia sikio la plastiki, akatuonyesha ngoma yake na vifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko, akasema hivyo vya Mzee ni vizima, kilichoumia ni ndani zaidi, kwenye mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, ambako vinywele vinavyopokea sauti vilikufa kwa kelele na haviwezi kuota tena, ila vilivyobaki vingemtosha akivaa kifaa cha kusikilizia.

Alikivaa. Sisi tulikuwa tumezoea, hatukubadilika, tukaendelea kubishana mbele yake ni nani atakaa naye, na shamba hili la Ainabkoi tunamomzika leo tuliuze lini, nami nikatamka mezani kwamba Mzee amekuwa mzigo, afadhali hata hasikii.

Siku ya kumi na tisa alikitoa, akakirudisha kwenye kisanduku chake, akamwambia Mama, "Nimesikia ya kutosha." Majirani tuliwaambia kifaa kimemkataa, na ukweli Mama alituambia juzi tu, tukichagua suti ya kumzika.

Alipatwa na kiharusi tarehe 2 Agosti 2025, akalazwa, akafariki tarehe 11 saa nne asubuhi, na siku zote hizo nilimsemesha, bila kifaa, bila kujua kama neno lolote linaingia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni na viti, familia ya Mzee Nur mliofunga mashine leo ili wenzake kazini wafike, na Dahabo, aliyetufundisha kumtazama Baba usoni tukizungumza naye, na hatukufanya hivyo.

Baba, nisamehe. Pumzika kwa amani, mahali ambapo hakuna anayekuteta ukiwa umeketi hapohapo.